Sura ya 6: Kito Kinachoogopa Mvua

Ukifika Tiira, katika Wilaya ya Busia upande wa Uganda, usikimbilie kutazama dhahabu. Tazama kwanza kinachotupwa. Mwamba wa kwatzi hutolewa shimoni kwa kamba, hupondwa, husagwa, kisha huoshwa kwa maji. Chini ya karai hubaki chembe chache za njano, na pembeni hukua rundo la mchanga wa kijivu. Katika mawe yaliyotoka kina kirefu, kule ambako maji ya mvua hayajapenya, utaona vijiwe vidogo vyenye pembe za mraba, rangi ya shaba iliyopauka, vimenyooka kingo utadhani vimechongwa na fundi. Hiyo ni pairaiti, mchanganyiko wa chuma na salfa. Mchimbaji hahitaji maabara kuitambua. Anaiweka juu ya jiwe na kuigonga: dhahabu hulala na kutandazika, pairaiti hupasuka ikawa unga mweusi wenye harufu ya kiberiti. Anaupangusa unga ule na kuendelea na kazi.

Jiwe hilohilo, likikatwa na kusuguliwa na kupachikwa kwenye fedha, ndilo linalong'aa katika vito vya zamani vinavyoitwa markasaiti. Katika elimu ya miamba liko jiwe jingine lenye jina hilo la markasaiti, lenye chuma na salfa kwa uwiano uleule lakini lililojipanga kwa umbo tofauti, nalo huharibika mapema mno hata halifai kuvaliwa. Masonara wa Ulaya walilichukua jina na wakafanya kazi na pairaiti. Kwa hiyo mkusanyaji wa vito hivi anayeishi Busia au Tororo ana bahati ambayo wenzake wa London hawana: anaweza kujifunza tabia za kito chake kwa kuangalia ardhi anayokanyaga.

Na ardhi hiyo inafundisha jambo moja kubwa. Sehemu ya juu ya mwamba wa Busia, iliyo karibu na uso wa nchi, haina pairaiti inayong'aa. Ina vitundu vilivyojaa kutu nyekundu. Kwa muda mrefu sana hewa na mvua vimeingia humo, pairaiti ikaoza, chuma chake kikawa kutu, salfa ikaondoka na maji ikiwa asidi, na dhahabu iliyokuwa imefungwa ndani ikaachwa huru. Ndiyo sababu mtu mwenye karai na zebaki ameweza kupata riziki Tiira. Akishuka chini zaidi, mwamba ni mgumu, pairaiti ni nzima, na sehemu ya dhahabu bado imefungwa ndani yake. Kazi hiyo inataka mitambo mikubwa, ya kiwango cha mgodi wa Wagagai uliozinduliwa Busia mwaka 2025. Kuoza kwa pairaiti, basi, humlisha mchimbaji. Kuoza kukohuko ndiko kunakoiua bruchi iliyovaliwa na bibi wa watu miaka tisini iliyopita, ikasafiri mpaka hapa mpakani ikiwa salama.

Nani aliyeanza kulipamba jiwe hili? Ulaya ililipenda hasa katika karne ya 18. Almasi ilikuwa ya wachache, na mafundi wa Ufaransa na Uswisi waliona kwamba pairaiti, ikikatwa piramidi fupi yenye kitako bapa na pande sita juu, hurudisha mwanga wa taa kwa namna ya kupendeza. Haikwaruziki upesi pia. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs ina 6 hadi 6.5, juu kidogo ya kioo cha kawaida. Mwaka 1861 Prince Albert, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza, alifariki, na malkia akavaa nguo za msiba maisha yake yote. Vito vya kumeta sana vikaonekana havifai mbele ya wafiwa, na mng'ao mzito wa kijivu wa markasaiti ukapata nafasi yake.

Lakini kama ningeambiwa nichague kipindi kimoja tu cha kukusanya, ningechagua miaka ya 1920 na 1930 bila kusita. Hapo ndipo wasanii walipoacha maua na mashada wakashika mistari: pembetatu, ngazi, nusu duara, feni iliyokunjuliwa. Mji wa Pforzheim nchini Ujerumani ulijaa karakana za vito, na mojawapo ilikuwa ya Theodor Fahrner. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1919, Gustav Braendle akaichukua kampuni na kuiendesha kwa jina lilelile, na kazi bora za markasaiti zilizotoka humo ni za wakati huo wa Braendle. Walipanga pairaiti pembeni ya oniksi nyeusi, marijani nyekundu, kalsedoni iliyotiwa rangi ya kijani au buluu. Ukiona alama ya herufi TF zilizounganishwa nyuma ya bruchi, kaa chini kwanza, kisha iangalie tena taratibu.

Katika miaka hiyohiyo, mwendo wa saa chache tu kutoka mpakani, walowezi na watafutaji wa Kizungu walikuwa wanajazana Kakamega. Dhahabu ilikuwa imepatikana huko mwaka 1931, na mwishoni mwa 1932 serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi ya Waafrika ili uchimbaji upite, jambo lililowaumiza Waluhya ambao mwaka 1930 tu walikuwa wameahidiwa kuwa ardhi yao ni yao daima. Mgodi wa Rosterman uliendelea hadi 1952. Pairaiti ya Kakamega ilimwagwa na mabaki ya kinu, huku Pforzheim mafundi wakiinama juu ya meza kupachika pairaiti moja moja kwenye fedha. Tofauti kati ya takataka ya huku na pambo la kule ilikuwa saa za kazi ya mkono, wala si kitu kingine.

Hapa ndipo moyo wa jambo ulipo kwangu. Thamani ya markasaiti haimo katika jiwe, kwani jiwe lenyewe halina bei ya kutajwa. Haimo sana katika fedha pia, kwa kuwa bruchi nyingi ni nyepesi. Imo katika mkono. Bruchi ya kiasi cha sentimita tano inaweza kubeba vijiwe zaidi ya mia moja, vingine havifiki milimita mbili, na katika kazi nzuri kila kimoja kilichimbiwa kitako chake, kikalazwa, kikabanwa kwa vijipunje vya fedha vilivyoinuliwa ukingoni kwa ncha ya chuma. Anayekusanya markasaiti anakusanya subira ya mafundi ambao hatuwajui majina.

Na kwa sababu thamani yake ni ya namna hiyo, kito hiki kiko hatarini kila kinapofika mbele ya mizani. Sonara ananunua fedha kwa gramu. Vijiwe anaving'oa, maana vinaharibu uzito, kisha anayeyusha kilichobaki apate fedha ya kutengenezea pete au kikuku. Simlaumu, hiyo ndiyo biashara yake na watoto wanataka karo. Namwomba tu msomaji amtangulie. Ongea na sonara wa mtaa wako kwa heshima, mwambie unalipa zaidi kidogo ya bei ya kuyeyushia kwa kitu chochote chenye vijiwe vidogo vya kijivu vinavyometa, kizima au kibovu. Akiona unarudi na unalipa, ataanza kukuwekea.

Vito hivi hufika mpakani kwa njia kadhaa. Baadhi ni mali ya nyumbani. Tororo ni mji wa reli; njia iliyopita hapo ilifika Kampala mwaka 1931, na kwa miongo kadhaa mji ulikuwa na wageni wa kila aina, wafanyabiashara wa Kihindi, watu wa reli, wamisionari, wahandisi wa saruji. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, na wengine walipita katika reli hii kuelekea Mombasa huku wakiporwa njiani. Dhahabu ilifichwa, ilinyang'anywa, iliuzwa. Vitu vya bei ndogo viligawiwa majirani na watumishi.

Njia ya pili, iliyo kubwa zaidi leo, ni mitumba, ambayo upande wa Uganda huitwa mivumba. Robota la makoti ya Ulaya likifunguliwa sokoni, mara moja moja koti huwa bado limebeba bruchi kwenye ukosi, imesahauliwa na mwenyewe au na watoto waliogawa nguo zake alipofariki. Marobota ya mikoba ndiyo bora kabisa. Wauzaji wengi hupekua mifuko ya ndani kutafuta pesa, na hereni moja isiyo na mwenzake huitupa kwenye kikapu cha vitu vya mia mia. Mzoee mama mmoja wa mikoba, umsalimie hata siku usiyonunua. Mama wa soko anajua kitu kilichopitia mikononi mwake kuliko kitabu chochote, hiki kikiwemo.

Ukishakishika kitu mkononi, kigeuze. Mbele kila mtu anajitahidi kupendeza. Ukweli uko nyuma. Fedha ya Uingereza huwa na simba anayetembea, pamoja na alama ya mji, kwa mfano nanga ya Birmingham. Ujerumani tangu 1888 hutumia mwezi mwandamo na taji, pamoja na namba kama 800, 835, 925 au 935. Ufaransa iligonga kichwa cha nguruwe mwitu au kaa kwenye vitu vidogo, na alama hizo ni ndogo kiasi kwamba utahitaji lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara kumi. Lenzi hiyo ndicho kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya bruchi yenyewe.

Kisha chukua sumaku. Kulikuwa na mtindo wa karne ya 18 na 19 wa kukata vipande vya chuma cha pua na kuving'arisha, navyo hufanana sana na markasaiti vikiwa mbali. Chuma hicho huvutwa na sumaku, pairaiti haivutwi. Ukigeuza nyuma utaona pia kwamba vipande vya chuma vimefungwa kwa misumari midogo iliyopigwa ikakazwa, kitu ambacho hukioni kwenye pairaiti. Vyote ni vizuri kukusanya. Ila utunzaji wake haufanani.

Tazama tena kwa lenzi jinsi vijiwe vilivyoshikiliwa. Vijipunje vya fedha ni dalili njema. Gundi ni dalili ya kazi ya haraka, na hapa uwe na tahadhari, kwa sababu viwanda vya Thailand kwa miaka mingi vimetoa markasaiti kwa wingi, nyingi zikiiga michoro ya miaka ya 1930, vijiwe vikiwa vimebandikwa. Hata zamani vitu vya bei nafuu vilibandikwa, kwa hiyo gundi peke yake haimalizi kesi. Unganisha ushahidi: alama, pini, uchakavu wa fedha kwenye kingo zinazosuguana na nguo, uchafu ulioingia pembeni kwa miaka. Kitu kipya kilichopakwa weusi huwa na weusi sawasawa kila mahali.

Sasa turudi kwenye mvua, maana hapa ndipo vito vingi vinapofia. Anayetaka kuona kwa macho yake maji yanavyoiozesha pairaiti aende Kasese, magharibi ya Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji mwaka 1956. Shaba iliyeyushiwa Jinja na kusafirishwa kwa reli kwenda Mombasa ikipitia Tororo. Pairaiti yenye kobalti iliachwa Kasese, zaidi ya tani milioni moja ikirundikwa wazi. Mvua ziliunyeshea mlima ule miaka na miaka. Asidi ikatiririka, ikaingia Hifadhi ya Malkia Elizabeth, na ikaacha ukanda wa ardhi isiyoota kitu ukielekea Ziwa George. Kuanzia 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ililichakata rundo hilo kwa kutumia bakteria wanaoharakisha kuoza kulekule, ili kobalti itoke.

Asidi inayotoka ni asidi ya salfa. Tororo inaijua kazi yake: kiwanda cha mbolea kilichofunguliwa huko miaka ya 1960 kilitumia asidi hiyo kuivunja fosfati ya vilima vya Sukulu iwe mbolea ya superfosfeti. Kinachovunja mwamba wa Sukulu hakiwezi kushindwa na ukuta wa fedha mwembamba kuliko kucha. Na si asidi tu. Pairaiti inapooza hugeuka chumvi ya chuma iliyokunywa maji, na chumvi hiyo inaweza kuchukua nafasi mara sita ya ile iliyochukuliwa na jiwe. Kijiwe hupasuka kutoka ndani, huinua vijipunje vilivyokibana, na jirani yake naye huambukizwa unyevu na asidi. Majumba ya makumbusho duniani yamepoteza visukuku vya mamilioni ya miaka kwa ugonjwa huu.

Hatari huongezeka sana unyevu wa hewa unapopita asilimia 60, na katika nchi zetu za bonde la Ziwa Viktoria kiwango hicho hupitwa usiku mwingi wa mwaka, achilia mbali Aprili. Kwa hiyo shauri la vitabu vya Ulaya, kwamba weka mahali pakavu, halitutoshi. Lazima ukavu tuutengeneze. Chukua chombo cha plastiki kigumu chenye mfuniko unaobana, kama vile vya kuhifadhia chakula. Ndani weka vifuko vya chembe za kunyonya unyevu, vile vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu vipya na ya redio. Kila kito kifungwe peke yake kwa kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa na kukauka kabisa, kisha viingie chomboni siku ya jua, si jioni ya mvua. Ukifunga hewa mbichi ndani umefunga adui ndani. Chembe zile hushiba maji baada ya miezi, kwa hiyo zibadilishe kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Agosti na Septemba. Usitumie mipira ya kufungia pesa, kwa kuwa mpira una salfa na huifanya fedha iwe nyeusi.

Usioshe. Narudia kwa kuwa nimeona mengi yaliyoharibiwa na upendo: usioshe. Sabuni, limau, majivu, dawa ya meno, soda, vyote hivi watu huvitumia kung'arisha fedha, na vyote huingia nyuma ya vijiwe vikakaa humo. Maji ya kusafishia fedha yanayouzwa kwenye chupa ni mabaya zaidi, na mashine za sonara za kutikisa kwa mawimbi huilegeza gundi na kuifungua njia ya maji. Brashi laini kavu, ya rangi za maji au ya mtoto mchanga, inatosha kwa vumbi. Kitambaa kikavu kinatosha kwa mafuta ya ngozi, nacho kipitishwe kila ukivua. Marashi na mafuta ya nywele yatangulie, yakauke, ndipo kito kivaliwe. Ukipanda bodaboda na wingu limetanda, bruchi ikae ndani ya mkoba.

Kuhusu weusi wa fedha, wapo wanaotaka kila kitu king'ae. Mimi naona wanakosea. Mng'ao wa pairaiti ni wa kijivu cha moshi, na unahitaji giza kidogo nyuma yake ili uonekane. Fedha ikisuguliwa mpaka ikawa nyeupe, vijiwe hupotea ndani yake na mchoro mzima hulala. Pangusa sehemu za juu tu, yale mashina na kingo, uache mabonde na weusi wake.

Pini ikikatika, mpe sonara, lakini simama naye. Moto wa kulehemu ukigusa pairaiti, salfa hutoka na jiwe hufa papo hapo, likibaki jeusi lisilo na uhai. Fundi anayezoea dhahabu anaweza kuwasha moto kabla hujamaliza salamu. Mweleze mapema, kwa upole: "Fundi, vijiwe hivi havistahimili moto." Aving'oe vilivyo karibu na sehemu ya kulehemu, au afunge pini kwa njia isiyo ya moto. Akisema haiwezekani, mshukuru, chukua mzigo wako. Bruchi isiyo na pini huweza kukaa sandukuni miaka hamsini ikamngoja fundi mwingine.

Ukiona unga mweupe au wa manjano kuzunguka kijiwe, au ukifungua chombo ukapigwa na harufu kali ya kiberiti, kitenge kito hicho na vingine siku hiyohiyo. Uondoe unga kwa brashi kavu, king'oe kijiwe kilichoharibika kwa ncha ya mti, wala si sindano ya chuma itakayochubua fedha, kisha ukiache kito katika chombo chake peke yake chenye chembe mpya za kukausha. Pengo linaweza kuzibwa. Ndiyo maana nilikwambia ununue vibovu pia: hereni moja isiyo na mwenzake, kibanio kilichopinda, pete iliyokatwa, vyote ni ghala la vijiwe vya ukubwa na rangi ya zama zile. Pairaiti mpya ya Thailand mara nyingi hung'aa kwa rangi tofauti kidogo, na ikikaa katikati ya za zamani jicho huiona.

Vitenge vibovu hivyo kwa ukubwa wa vijiwe, kwenye vikopo vya dawa vilivyokauka. Kwa kila kito kizima, andika kikaratasi: kimenunuliwa soko gani, kwa shilingi ngapi na za nchi gani, kilikuwa kwenye koti au mkoba wa namna gani, alama gani ziko nyuma, vijiwe vingapi vimepotea na vipi vimerudishwa. Koti limeshauzwa, mkoba umeshakwenda Mbale au Bungoma, na bila kikaratasi hicho anayefuata hatakuwa na pa kuanzia.